Kwa nini meza yetu bado inacheza kwa kanuni za 1981

Dungeons & Dragons tunayoicheza nyumbani kwetu ni ile ya mwaka 1981: kitabu chembamba cha kurasa 64 alichokihariri Tom Moldvay, pamoja na mwenzake alichokihariri David Cook. Matoleo mapya tumeyacheza, na baadhi yake ni mazuri. Lakini kila tukikaa tukaulizana tucheze nini, tunarudi kwenye vitabu vile vile, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta sababu. Nadhani sasa ninayo. Mchezo wa zamani unamlipa mtu kwa yale anayoyajua tangu kabla ya kukaa mezani.

Kwa asiyeufahamu, mchezo wenyewe uko hivi. Mmoja wetu ni mwamuzi. Amechora ramani ya mahali pa hatari, tuseme mahandaki chini ya ngome iliyobomoka, na ramani hiyo hamwonyeshi mtu. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, kasisi, mwizi au mchawi. Mwamuzi anasema wanachokiona, wao wanasema wanachofanya, na pale ambapo hakuna awezaye kujua matokeo, dadu inatupwa. Hakuna ubao wala mshindi. Ni mazungumzo marefu yenye hatari ndani yake.

Naishi St. Paul, Minnesota, na nilipofika sikujua kwamba nimeingia katika mji uliochangia nusu ya uhai wa mchezo huu. Nilifanya kazi ya usiku ghalani na mzee mmoja wa hapa hapa, aliyekuwa akicheza tangu ujana wake. Ndiye aliyenialika kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, Januari, barabara zimejaa barafu. Kasha lake la mchezo lilikuwa limechakaa pembe zote. Dadu zilikuwa za plastiki laini, kingo zimeliwa, na namba zake zilijazwa krayoni, kwa sababu enzi hizo dadu ziliuzwa bila rangi na ndani ya kasha mliwekwa krayoni mnunuzi ajipakie mwenyewe.

Mzee yule alipenda historia, na kwake nilijifunza mambo ambayo yamenisaidia kuelewa ninachokicheza. Mwaka 1969 David Wesely, wa hapa Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, aliandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, enzi za Napoleon. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa anaongoza jeshi. Wesely aliwapa wenzake watu wa kuwaigiza: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Wakaanza kunong'onezana, kuvutana pembeni, kupanga njama chumba cha pili, na vita yenyewe haikupiganwa kama ilivyopangwa. Wesely aliona mchezo umeharibika. Wachezaji wakamwomba mwingine. Mmoja wao, Dave Arneson, akalichukua wazo lile akalipeleka kwenye ulimwengu wake wa kubuni, Blackmoor, wenye ngome na mahandaki chini yake. Mwaka 1972 akausafirisha mpaka Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa, pamoja na Jeff Perren, kanuni za vita vya enzi za kati zilizoitwa Chainmail. Mwaka 1974 Gygax na Arneson wakatoa kasha la vijitabu vitatu, nakala 1000 za kwanza, dola 10 kila moja.

Kwangu mimi, mchezo huu ulizaliwa pale Braunstein, watu walipoliacha jeshi mezani wakaenda kuzungumza. Kila toleo nalipima kwa hilo.

Meza yangu leo ni ya watu wa kwetu, na mwamuzi ni mimi. Yupo shemeji yangu, mpishi wa hoteli. Yupo rafiki yangu wa Bukavu, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Yupo mpwa wangu wa sekondari, binti asiyependa kusema sana. Tunacheza kwa Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Na kuna msimu mmoja mjomba wangu wa Pangani alikuja kututembelea akakaa mpaka theluji ikayeyuka, na yeye ndiye aliyenifungua macho kuliko vitabu vyote.

Mjomba ni mvuvi tangu utoto. Kiingereza kinampa tabu, na karatasi ya mhusika alinikabidhi mimi nimsomee. Tulitupa dadu tatu mara sita, kwa mpangilio kama kitabu kinavyotaka: nguvu, akili, busara, wepesi, afya, mvuto. Akatoka mwizi mwenye nguvu 6 na pointi 2 za uhai. Meza nyingi za sasa zingemwambia atupe upya. Yeye alisema mwizi hahitaji nguvu, anahitaji kujua muda wa kuondoka.

Siku moja kundi liliingia pango la ufukweni. Niliwaeleza nilichoandika: njia nyembamba inayoteremka, mchanga mbichi chini, chaza wamegandamana ukutani mpaka usawa wa kifua, na juu ya hapo jiwe limekauka. Mwisho wa njia, kwenye kichuguu cha mawe, kasha la mbao. Wengine wakaanza kupanga nani atangulie na nani ashike mwenge.

"Mwezi una siku ngapi huko kwenu?" mjomba akauliza.

Nilifungua daftari langu la kalenda. "Kumi na nne, Mjomba."

"Basi geuzeni. Hii bamvua, mwanangu. Maji yatawapita hao chaza."

"Mjomba, kasha si lile pale, tunaliona!" shemeji akasema.

"Litakuwepo. Tokeni."

Walitoka. Maji yaliingia kama nilivyoyapangia, na mbwa wawili wa goblini (viumbe wadogo wa mahandakini, mfano wa vibwengo) waliokuwa wakiwafuata wakasombwa. Kundi likarudi maji yalipokupwa, likalibeba kasha likiwa limelowa lakini zima. Dadu haikutupwa hata mara moja. Mhusika wa mjomba alikuwa na akili 7 kwenye karatasi. Kwa toleo la 2014, mwamuzi anayefuata kitabu kwa ukali angeweza kumwambia atupe dadu ya pande 20 kuona kama mhusika wake anaelewa maumbile, aondoe namba kwa ule upungufu wa akili, na miaka hamsini baharini ingebaki nje ya mlango. Vitabu vya 1981 havina ujuzi wa maumbile wa kutupia dadu. Vimenyamaza, na ukimya huo ndio uliompa mjomba nafasi.

Nimeliona jambo hilo hilo kwa wengine. Kulikuwa na chumba chenye simba wa shaba aliyefungua kinywa, na nyuma yake mlango. Shemeji alikataa kusogea. Akauliza dari juu ya simba ikoje, ina masizi au haina. Akauliza kama meno yake yana mafuta yaliyoganda. Yalikuwapo yote mawili, kwa sababu simba yule hutema moto mtu akikanyaga jiwe la mbele yake, na mpishi anajua ukuta wa jikoni unafananaje. Walipita kwa kutambaa ubavuni mwa simba, mgongo ukutani. Kwa kitabu, mwizi wa ngazi ya kwanza ana asilimia 10 tu ya kugundua mtego. Asilimia 10! Wapo wanaoiona namba hiyo wakasema kanuni ni mbovu. Mimi naisoma hivi: asilimia hiyo ni nyongeza ya mwisho, baada ya macho na maswali kushindwa. Katika kasha la 1974 hata mwizi hakuwepo, aliingia na kijitabu cha nyongeza cha 1975, na kabla ya hapo kila mtu alitafuta mitego kwa kuuliza na kwa kupapasa sakafu na upondo wa futi 10, unaouzwa sarafu 1 ya dhahabu kwenye orodha ya vifaa ya 1981. Hakuna kifaa ninachokipenda zaidi ya upondo ule.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito. Watu husema mchezo wa namna hii unawapendelea wasemaji, na kwamba namba za ujuzi zipo kumlinda mtu mkimya. Mpwa wangu ni mkimya. Anaweza kumaliza jioni nzima bila kusema sentensi tano. Lakini kanuni za zamani zinataka awepo mchora ramani, na yeye aliidaka kazi hiyo. Anachora kwenye karatasi ya miraba, futi 10 kila mraba, akinisikiliza ninavyotaja urefu wa njia. Jioni moja wakati wengine wanabishana kurudi nyumbani au kuendelea, aligeuza karatasi akaiweka katikati ya meza na kuweka kidole mahali peupe kati ya vyumba viwili. "Hapa pana futi 20 ambazo hatujaingia." Hakusema zaidi. Walitafuta ukuta ule tu, dadu ya pande sita ikatoa 1, mlango wa siri ukafunguka, na ndani mlikuwa na hazina kubwa kuliko zote za ngome ile. Mchezo huu unahitaji umakini kabla ya ufasaha, na umakini hauna sauti.

Sasa nije kwenye kanuni, kwa sababu uhuru wa kuuliza maswali hautoshi peke yake. Mtu anaweza kuwa na uhuru huo na bado akachomoa upanga kila mlango unapofunguka. Kinachombadilisha ni kile anacholipwa. Kanuni ninayoitetea kuliko zote ni ile ya pointi za uzoefu kwa hazina: kila sarafu 1 ya dhahabu inayofikishwa salama nyumbani ni pointi 1. Kuua kunalipa, ila kidogo mno. Goblini mmoja ni pointi 5. Mpiganaji anahitaji pointi 2000 kufika ngazi ya pili. Mkiwa wanne mnaogawana sawa, ili mpiganaji wenu apande ngazi kwa goblini peke yao mtahitaji kuua goblini 1600. Mkufu mmoja wa sarafu 400 unampa kila mtu pointi 100, na mkufu unaweza kuibwa mwenyewe akiwa amelala.

Mchezaji akishaipiga hesabu hiyo mara moja, anaanza kuliangalia handaki kwa jicho jingine. Vita inakuwa gharama. Wanaulizana kama kuna njia ya kuzunguka, kama walinzi wanabadilishana zamu, kama kasha linaweza kuteremshwa kwa kamba dirishani. Nimewahi kukaa kwenye meza nyingine zenye vitabu vya zamani kabisa, lakini mwamuzi amefuta kanuni hii kwa kuiona ya kitoto, analipa kwa kuua tu. Mezani kwake watu wanapigana mfululizo, wahusika wao wenye pointi 3 za uhai wanakufa mfululizo, kisha wanasema mchezo wa zamani ni wa kikatili. Ukatili huo umetokana na malipo. Pointi zilezile 3 za uhai, pamoja na hazina inayolipa, zinamfundisha mtu ujanja.

Kanuni nyingine ambayo waamuzi huiacha, na inaniuma zaidi, ni dadu ya mapokezi. Kundi likikutana na viumbe ambao mwamuzi hakuwapangia nia maalumu, anatupa dadu mbili za sita. Jumla ya 2, wanashambulia papo hapo. Kuanzia 3 mpaka 5 wana uadui na wanaweza kushambulia. Kuanzia 6 mpaka 8 hawana uhakika, wanatazamana na nyinyi. Kuanzia 9 mpaka 11 hawashambulii, wanaondoka au wanasikiliza mnachotoa. Ikija 12 mmepata marafiki. Tazama hesabu yake: katika michanganyiko 36 ya dadu mbili, mmoja tu ndiyo shambulio la papo hapo, na 16 ni ya kusitasita. Maana yake ni kwamba, kwa kanuni yenyewe, goblini wengi mnaokutana nao gizani hawajui wafanye nini, kama nyinyi msivyojua. Anayesema neno la kwanza ndiye anayeamua.

Rafiki yangu wa Bukavu ndiye bingwa wa dakika hiyo. Kuna daraja la kamba chini ya ardhi ambalo goblini sita walilishikilia. Dadu zilitoa 7. Shemeji alikuwa ameshatia mshale. Rafiki yangu akainua mikono yote miwili, mhusika wake na yeye mwenyewe pale kitini, akaanza: "Muko ngapi hapa? Na mukubwa wenu ni nani?" Hakuwauliza wanataka nini. Aliniambia baadaye kwamba kwenye kizuizi cha barabarani hakuna kumwuliza askari anataka nini, kwa sababu atataka vyote; unamwuliza mkubwa wake, halafu unamwuliza amekula lini. Nikatazama daftari langu: goblini hawa walikuwa wameachwa pale na mfalme wao na chakula kimekwisha. Nikawajibia hivyo. Akawapa nusu ya posho ya safari, akawaahidi chumvi wakirudi, na chumvi kweli akaileta. Daraja lile hatujapigania mpaka leo. Goblini wale wametupa habari za mahandaki ya chini ambazo kwa upanga tusingezipata, maana maiti hajibu swali.

Na hata vita inapoanza, kuna dadu ya ari. Kila kiumbe ana namba yake, goblini wana 7, koboldi wana 6. Wa kwanza wao akifa, na tena nusu yao wakianguka, mwamuzi anatupa dadu mbili. Ikizidi ile namba, wanakimbia au wanajisalimisha. Wenye 12, kama mifupa inayotembea, hawatishiki. Mwamuzi akiiacha kanuni hii, kila pambano litapiganwa mpaka tone la mwisho, jambo ambalo ni la kuchosha na pia la uongo, kwa sababu hakuna kiumbe mwenye akili anayebaki amesimama wakati wenzake wanne wako chini. Mateka nao huanzisha mazungumzo mapya. Mara nyingi kampeni yetu, yaani mfululizo wa vikao vyetu, imegeuzwa mwelekeo na goblini mmoja aliyeomba maisha yake.

Kitabu cha Cook kina majini pia, na hapo wachezaji wa pwani wana faida yao. Shemeji alipokutana na jini alimtolea salamu kamili, akamwuliza yuko katika ahadi ya nani. Nilimwongezea kwenye dadu ya mapokezi bila kusita.

Muda sitausemea sana, ila msiuache. Zamu moja ya upekuzi ni dakika 10, mwenge unadumu zamu 6, chupa ya mafuta ya kandili zamu 24, na kila baada ya zamu mbili mwamuzi anatupa dadu moja: ikitoka 1, kuna kiumbe anakuja. Ninahesabu kwa njiti za kiberiti, ninaziweka mbele ya wote, na kila zamu ikiisha njiti moja inaondoka mezani. Wakiziona zimebaki mbili, sauti zao hushuka zenyewe. Gygax, kwenye kitabu chake cha 1979 cha waamuzi, alikwenda mpaka kuandika kwa herufi kubwa tupu kwamba bila kutunza wakati kwa ukali kampeni haiwezi kuwa na maana. Mimi na yeye tunatofautiana kwa mengi, hapa niko naye bega kwa bega.

Kifo. Kwa kanuni zetu, pointi za uhai zikifika sifuri umekufa, na mchawi anaanza na pointi 1 hadi 4. Natupa dadu hadharani na sizigeuzi. Waamuzi wengine huficha dadu nyuma ya kizuio na kumwokoa mchezaji wanayempenda, na nia yao ni njema. Lakini mchezaji akishahisi hivyo mara moja, tahadhari yake yote ya nyuma inapoteza thamani, maana kumbe asingekufa. Kasisi wa shemeji aliumwa na buibui, dadu ya kujinusuru ikaanguka vibaya, akafa mbele yetu akiwa amebeba mwenge wa mwisho. Meza ilinyamaza. Kisha walifanya uamuzi ambao sikuutarajia: waliacha hazina ya thamani kubwa nyuma ili waweze kuubeba mwili wake, kwa sababu huwezi kubeba vyote viwili ukiwa na dirii ya chuma. Walipoteza pointi za uzoefu kwa ajili ya mtu wa karatasi. Amezikwa kando ya lile daraja la kamba, na goblini walichimba nao. Shemeji alitengeneza mhusika mpya kabla chai haijapoa, na mhusika huyo alikuja kutafuta kaburi la kaka yake.

Siutetei uzamani kwa ajili ya uzamani. Kitabu cha wachezaji cha 1978 cha Advanced Dungeons & Dragons kinawekea nguvu za wahusika wa kike kikomo kilicho chini ya wanaume, na mimi nina mpwa mezani. Kanuni hiyo haikuwahi kuingia nyumbani kwangu. Mitego ya kuua bila dalili yoyote pia naikataa. Tomb of Horrors ya Gygax, safari ya handaki lenye mitego iliyochapishwa 1978, iliundwa kuwapima wachezaji waliojiona mahodari, na kwa kazi hiyo inafaa. Kuigeuza iwe kipimo cha kila handaki kumewafukuza wengi. Mtego ukiua, dalili yake iwe imetajwa. Masizi yawe darini. Chaza wawe ukutani.

Wapo vijana wa Dar, Nairobi na Goma walioniuliza wanaanzaje bila kununua vitabu vya mamia ya dola kutoka Marekani. Habari ni njema. TSR, kampuni ya mwanzo, ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na mwaka 2000 hao wapya wakatoa leseni iliyoruhusu watu wengine kutumia kanuni za msingi. Wapenzi wa mchezo wa zamani wakaitumia leseni hiyo kuandika upya kanuni za kale: OSRIC na Basic Fantasy mwaka 2006, Labyrinth Lord 2007, Swords & Wizardry 2008, na Old-School Essentials ya Gavin Norman 2019, ambayo ni kanuni za 1981 zikiwa zimepangwa vizuri kuliko zilivyowahi kupangwa. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ilipotaka kuibana leseni ile, wachezaji walipinga kwa sauti moja, na mwezi huo huo kanuni za msingi za toleo la 2014 zikawekwa wazi chini ya Creative Commons, leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia. Kwa anayeanza bila hela nashauri Basic Fantasy, iliyoanzishwa na Chris Gonnerman. Ni ya bure kabisa kupakua, halali, na inaingia kwenye simu. Ubadilishe jambo moja: urudishe pointi za uzoefu kwa hazina, kwa sababu kitabu hicho kinalipa zaidi kwa kushinda viumbe.

Dadu zisikuzuie. Za sita zipo kwenye ludo. Kwa zile za pande 20, kata vipande 20 vya karatasi ngumu, andika namba, weka kwenye kikombe, chomoa kimoja na ukirudishe. Si njia ya kimaskini: mwaka 1979 TSR yenyewe iliishiwa dadu ikauza makasha yenye karatasi za vipande vya namba vya kukata, na watu walicheza.

Kwa kikao cha kwanza chora vyumba vinane, usizidishe. Viwili viwe vitupu kabisa, watu wapate pa kupumulia na kubishana. Kimoja kiwe na mtego wenye dalili inayoonekana. Weka makundi mawili ya viumbe wasiopatana, na uandike kila kundi limekosa nini: chakula, dawa, mtoto aliyepotea. Hazina yote ifike kama sarafu 2000 kwa wachezaji wanne, nusu yake iwe mahali ambapo hakuna anayelinda lakini pamefichika. Wakikutana na kundi la kwanza, tupa dadu mbili za sita mbele yao, soma namba kwa sauti, kisha nyamaza uwaachie wao waanze.